Amka, Tunapitwa

Mtaani walimwita Mama Mikate, na sifa yake kubwa, ukiacha mikate yenyewe, ilikuwa kwamba hashtuki. Alilelewa na shangazi yake mbele ya tanuri lililowashwa kila siku kabla mji haujaamka, na hapo alijifunza kuyachukua mambo jinsi yanavyokuja. Siku bomba lilipopasuka na duka likajaa maji, alivua viatu, akapandisha gauni, akaendelea kuhudumia wateja. Uchungu wa kumzaa binti yake wa pekee ulimkuta trei zikiwa ndani ya tanuri. Alisubiri mikate iive, akaitoa, akaifunika kitambaa, ndipo akamwambia mumewe atafute gari. Aliyekuwa akitetemeka siku hiyo ni mumewe.

Mume huyo alikuwa fundi kufuli. Kibanda chake kilishikana ukuta na duka la mikate, kwa hiyo harufu ya mkate na kelele za tupa ziliishi pamoja kama wenyewe walivyoishi. Alikuwa mtu wa mdomo mwepesi. Akiitwa kumfungulia mlango mtu aliyepoteza funguo, alimuuliza kwanza kama nyumba ni yake kweli au wanakwenda kuiba wote wawili. Alipovuka miaka hamsini na kuona tumbo limeanza kumtangulia, alinunua baiskeli ya mashindano ya mtumba, nyembamba kama fremu ya miwani, akawa kila jioni anazunguka mji na kaptura ya kubana. Mara ya kwanza mkewe alipomwona nayo, alimuuliza kwa upole kama kaptura hiyo haina suruali yake ya kuvaliwa juu.

Basi mwaka huo ikatangazwa kwamba hospitali ya wilaya, kule juu milimani, ina gari moja tu la wagonjwa, na chama kimoja cha hisani kinaandaa mbio za baiskeli ili lipatikane la pili. Mbio zenyewe zilikuwa za timu za watu wanne, kutoka mjini mpaka lango la hospitali, safari ya kutwa nzima yenye vilima visivyo na huruma. Saa ya timu ilisimamishwa pale baiskeli yake ya mwisho inapovuka mstari, hivyo kumwacha mwenzako nyuma hakukuwa na faida. Fundi kufuli akaunda timu na dada yake mdogo, aliyekuwa dereva wa basi la shule, na jirani yao mchora mabango, mtu mkimya aliyeitwa Rangi. Wa nne alikuwa karani mmoja, naye akateguka mguu akishuka ngazi za ofisini.

Fundi akamgeukia mkewe wakiwa mezani. Alimkumbusha kwamba enzi za usichana wake alisambaza mikate kwa baiskeli mji mzima, na makreti nyuma. Mama Mikate akamjibu kwamba enzi hizo pia alikuwa anaruka kamba. Lakini hakukataa. Kusema kweli, wazo hilo lilimfurahisha zaidi ya alivyotaka kuonyesha, na wiki hiyohiyo alikuwa ameshaazima baiskeli na kuanza kupanda kilima cha tangi la maji kila alipofunga duka. Wifi yake, yule dereva, ambaye kwa miaka mingi hawakuwa wakipikika naye chungu kimoja, alimfuata nyuma akimpigia kelele abadilishe gia mapema, na Mama Mikate alibadilisha kwa kuchelewa makusudi.

Kila timu ilitakiwa imtoe mtu mmoja akafundishwe huduma ya kwanza. Wenzake watatu walijidai wana kazi siku hiyo, akaenda Mama Mikate. Mwalimu alikuwa nesi mstaafu, mzee mfupi mwenye sauti ya ukali, na wanafunzi walipiga magoti kuzunguka mwanasesere wa plastiki asiye na miguu. Mama Mikate alicheka alipoambiwa amwite mwanasesere na kumuuliza kama anasikia. Zamu yake ilipofika ya kubonyeza kifua, alikibonyeza kama anavyokanda unga, kwa uzito wa mabega, na nesi akawaambia wengine watazame. Kisha mzee akasema jambo ambalo halikumchekesha mtu: kifua cha mtu si plastiki, mbavu zinaweza kuvunjika chini ya mikono yako na utazisikia. Ukizisikia, alisema, usiache.

Siku ya mbio ukungu ulikuwa umelala barabarani. Wateja walikuja kuwaaga, wengine wakiwa na mikate ya jana mikononi kwa sababu ya siku hiyo haikuokwa. Fundi alikuwa na furaha ya mtoto. Njia nzima alikuwa mbele, anageuka kutia maneno, anamtania Rangi kwamba akizidi kunyamaza watamsahau njiani, anaiga kelele za basi bovu kila dada yake alipohema. Mara mbili aliyumba makusudi kama mlevi na kujitupa kwenye majani ili wamwonee huruma na kupumzika, na mara zote mbili waliinuka wakicheka na kuendelea.

Kilima kirefu kuliko vyote walikimaliza jua likiwa limeshapanda. Juu palikuwa na tambarare, barabara imenyooka katikati ya mikaratusi, upepo baridi unakausha jasho. Mama Mikate alikuwa nyuma ya mumewe, karibu kiasi cha kuona mshono uliofumuka kwenye soksi yake. Fundi alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyejifungia stoo. Alifika pale mteja anapogonga mlango kwa ndani, akasema, "Sasa mimi nikamwambia," na baiskeli ikaanza kwenda upande, polepole, bila breki, kama imechagua yenyewe. Iliacha lami, ikaingia kwenye majani, ikalala. Naye akalala nayo, mguu mmoja bado uko kwenye pedali.

Mama Mikate alisimama, akaweka mguu chini. Alisikia timu ya mafundi umeme, wenye jezi za njano, ikija nyuma kwa kasi.

"Amka, bwana," alimwambia. "Tunapitwa."

Jezi za njano zikapita. Mmoja wao aliinua mkono kusalimia. Fundi hakuinuka, na mkewe aliona kwamba macho yake yako wazi na yanatazama majani yaliyomgusa usoni, wala hayapepesi.

Baadaye watu walimuuliza alihisi nini, na ukweli ni kwamba hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama mtu amezima redio. Alijiona akishuka, akiilaza baiskeli yake vizuri ili isikwaruzike, akipiga magoti. Alimwita na kumuuliza kama anasikia. Uso ulikuwa na rangi ya majivu na midomo inageuka zambarau. Kifua hakikupanda. Kukatoka mkoromo mmoja mrefu kooni, akadhani amerudi, kisha kimya.

Akaweka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, akabonyeza.

Wifi yake alikuwa amesimama barabarani, ameshika usukani kwa mikono miwili, amepigwa na bumbuwazi. Rangi ndiye aliyefungua mdomo. Aliuliza kama kuna mwenye mtandao, akatazama simu yake akaona haina, akapanda baiskeli na kukimbia nayo kurudi pale juu ya kilima ambako alikuwa ameona mnara wa simu. Hakuna aliyewahi kumwona Rangi akienda kasi namna ile.

Mama Mikate aliendelea. Kwenye mibonyezo ya mwanzo alisikia kitu kikialika chini ya kiganja chake, sauti ndogo kavu, kama kijiti kilichokanyagwa. Kisha kingine. Alijua ni nini. Mikono ilitaka kuondoka yenyewe, akaikatalia. Jasho lilimdondoka kutoka kwenye kofia ngumu likaangukia shingo ya mumewe, naye akawa anaomba radhi kwa sauti kwa ajili ya jasho hilo. Kwa mbavu hakuomba.

Wale mafundi umeme walikuwa wamefika mbali. Yule aliyeinua mkono aligeuka nyuma, labda kwa kushangaa kwamba hakuna anayewafuata, akaona watu wamejikusanya majanini. Akapiga kelele kwa wenzake na wote wanne wakageuza baiskeli. Walikuwa wa pili wakati huo, na walijua kwamba hawatakuwa wa pili tena. Mmoja wao, kijana mwenye mikono mirefu, alipiga magoti upande wa pili na kusema, "Mama, ukichoka niachie." Alichoka, akamwachia, akahema kidogo, akampokonya tena. Walipokezana hivyo. Mwingine alimshika yule wifi mabega akamkalisha chini, kwa sababu alikuwa ameanza kutikisika mwili mzima.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa langoni mwa hospitali, kwenye mstari wa mwisho, likisubiri watu wenye malengelenge na misuli iliyokaza. Ndilo hilohilo moja la wilaya nzima. Rangi alikuwa amelipata kwa simu, na lilipotokea kwenye mikaratusi likipiga king'ora, Mama Mikate hakuinua kichwa. Wahudumu wa gari walimwondoa kwa kumshika viwiko. Walikata jezi, wakabandika vitu viwili kifuani, mtu mmoja akasema wote warudi nyuma. Mwili wa fundi kufuli ukaruka juu ya majani. Ndipo mkewe alipotoa sauti, si neno, sauti tu, na ilimshangaza mwenyewe kuisikia. Waliangalia mashine. Wakabonyeza tena kifua, wakarudia. Mara ya pili mhudumu mmoja akaweka vidole shingoni, akasema taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu, "Upo. Moyo upo."

Hospitalini Mama Mikate alikaa kwenye benchi la korido lililotazamana na mlango wenye kioo cha ukungu. Watu walipita, wakamtazama, wakapita. Daktari alitoka akamweleza kwamba moyo ulikuwa umesimama na sasa unadunda wenyewe, kwamba wamemlaza usingizi wa dawa, kwamba hawezi kuahidi kitu. Alimsikiliza vizuri, akamshukuru, akamuuliza kama wanahitaji soksi za mumewe, maana alikuwa nazo mfukoni na hakujua zilifikaje huko. Daktari alisema hapana. Jua lilikuwa linakaribia kuzama nesi mmoja alipokuja, akachuchumaa mbele yake, akamfungua mkanda chini ya kidevu. Alikuwa bado amevaa kofia ngumu. Ilikuwa imeacha mistari kwenye paji la uso, na nesi aliifuta kwa kidole kana kwamba ingefutika.

Wifi yake aliwasili na Rangi kwa gari la waandaaji. Walikaa kila mmoja mwisho wake wa benchi. Baada ya kitambo wifi akasema, bila kumtazama, "Nilisimama tu. Kaka yangu anakufa na mimi nimesimama nimeshika baiskeli."

Mama Mikate akamwambia jambo ambalo alikuwa ameapa kutomwambia mtu.

"Mimi nilimwambia aamke, tunapitwa."

Wifi yake akageuka. Wakatazamana, na haieleweki nani alianza, lakini walijikuta wameshikana mikono juu ya benchi, na Rangi akaenda kutafuta chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

Binti yao alifika kesho yake kwa basi kutoka alikokuwa akisoma. Alimkuta mama yake akiongea habari za hamira, kwamba imeachwa wazi jikoni na itakuwa imeharibika. Aliongea hamira tu. Binti alimkumbatia, na mama akavumilia kukumbatiwa kama mtu anayepimwa nguo.

Fundi alizinduka siku iliyofuata. Walipoondoa mpira wa kupumulia kooni na akaweza kunong'ona, aliwaangalia wote, akameza mate, akauliza wamekuwa wa ngapi. Binti akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha mgonjwa akalalamika kwamba kifua kinamuuma vibaya sana, akataka kujua ni fundi gani wa gereji aliyemvunja mbavu.

Mama Mikate alitoka nje. Alipita korido, akapita mapokezi, akafika kwenye ukuta wa nyuma ambako mashuka yalianikwa, na hapo ndipo mikono ilipoanza kumtetemeka. Alikuwa na hasira asiyowahi kuwa nayo, hasira na mtu aliyekwenda mahali pale na kurudi akiuliza matokeo. Alikaa chini katikati ya mashuka mpaka hasira ilipopoa.

Mumewe aliruhusiwa baada ya kuwekewa kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na bega, cha kuulinda moyo. Aliwaambia watu wa mtaani kwamba sasa na yeye ana kufuli ndani. Watu walicheka, akaisema tena kwa waliofuata. Hakukumbuka kitu cha siku ile tangu asubuhi, hata ukungu, na kisa kizima alikipata kwa dada yake na kwa Rangi, ambaye ilibidi azungumze kuliko alivyowahi kuzungumza maishani. Kwa mkewe hakukipata. Alipouliza, alijibiwa kwamba chakula kinapoa.

Siku alipofungua tena duka, Mama Mikate alimwaga unga, akachanganya, akangoja uumuke, akauweka mezani. Akaweka kiganja juu ya donge, cha pili juu yake, akabonyeza. Unga ukanywea chini ya mkono, laini na wa vuguvugu, na akasikia mbavu. Alizisikia waziwazi, kijiti na kijiti. Aliruka nyuma akagonga rafu, trei zikaanguka. Alijaribu tena baadaye, akajaribu kesho yake. Kila mara ilikuwa hivyohivyo, mpaka akawa anaogopa hata kuingia jikoni. Yeye, ambaye mafuriko hayakumtoa dukani, alikuwa anashtuka mlango ukifungwa, anashtuka kijiko kikidondoka. Alipomwona mumewe amesinzia kwenye kiti, alisimama mbele yake akimtazama kifua hadi akione kikipanda.

Akafunga duka. Aliwaambia wateja tanuri ni bovu. Fundi kufuli, ambaye bado hakuruhusiwa kazi nzito, aliamua kukanda mwenyewe kidogo kidogo, na mikate aliyoitoa ilikuwa migumu kiasi kwamba Rangi aliomba mmoja wa kuegemezea ngazi. Mama Mikate hakucheka. Mumewe akauona uso wake.

Jioni hiyo, mwanga wa mwisho ukiwa bado dirishani, alimfuata jikoni, akavuta kiti karibu, akafungua vifungo vya shati.

"Nionyeshe ulipobonyeza."

Mkewe alisema hataki. Alisema ana vyombo vya kuosha. Mumewe alingoja, na kwa mtu wa maneno mengi kama yule, kungoja ni kazi. Mwishowe mkewe akaweka kiganja pale, katikati. Ngozi ilikuwa ya moto. Chini yake, kwa mbali, mfupa uliokuwa umeungana ulifanya kinundu, na chini ya kinundu moyo ulikuwa unagonga, si kwa mpangilio mzuri sana, lakini unagonga. Hapo akaanza kusimulia. Alimwambia habari ya mteja wa stoo iliyokatika katikati, ya majani yaliyomgusa macho, ya timu ya njano, na ya yale maneno aliyomwambia akiwa amekufa. Alimwambia zile mbavu ni yeye, na kwamba alijua anazivunja na aliendelea kuzivunja. Alilia kwa namna mbaya, pua inatiririka, sauti imepasuka. Mumewe hakutania. Alishikilia mkono wake palepale ulipokuwa.

Alimuuliza tu, mwishoni, "Uliogopa?"

"Sikuogopa," alijibu. "Ndiyo maana naogopa sasa."

Mikate ilirudi polepole. Mwanzoni alikanda kwa ngumi, akikwepa viganja, na wateja wa zamani walidai ladha imebadilika ingawa hakuna aliyeweza kueleza vipi. Ziko siku alizikuta mbavu zikimsubiri kwenye unga. Siku hizo wifi yake, akimaliza kuwashusha watoto wa shule, alipitia dukani na kukanda badala yake, akilalamika kwamba meza iko chini mno.

Chama cha hisani kiliwaandikia kwamba timu yao inahesabiwa imefika mpaka pale ilipofika, na majirani walioahidi fedha kwa kila kilomita watachangia hadi hapo. Wifi alisema hapana, barabara iliyobaki ataimaliza. Rangi akasema na yeye. Wote wakamtazama Mama Mikate, akasema wampishe apite, mikate inaungua.

Lakini alikwenda. Ilikuwa miezi kadhaa baadaye, asubuhi angavu, baiskeli tatu zikiwa zimefungwa juu ya gari la yule nesi mstaafu, ambaye alijitolea kuendesha na kumweka fundi kufuli kiti cha mbele akiwa amemfunga mkanda kama mtoto. Walishuka kwenye ile tambarare ya mikaratusi. Njia nzima Mama Mikate alikuwa akijiandaa kwa ajili ya mahali pale, akijua atapaona na patamwangusha.

Hakupaona. Majani yalikuwa yamekua upya pande zote za lami, miti ilifanana, mmoja kama mwingine. Wifi alisema ni hapa, penye jiwe. Rangi alitikisa kichwa na kuonyesha mbele, penye mfereji, kwa sababu alikumbuka kukimbia kurudi nyuma mbali zaidi ya hapo. Walibishana. Mama Mikate alitembea ukingoni akitazama chini, akarudi, akatembea tena. Aliinama akagusa majani mahali fulani ambapo huenda ndipo na huenda sipo. Yalikuwa majani, yenye umande. Alisubiri pamwangushe, na hakuna lililotokea.

Fundi kufuli aliteremsha kioo akauliza wanatafuta nini. Wifi alikuwa ameshapanda, Rangi naye. Mama Mikate alivaa kofia yake, akakaza mkanda chini ya kidevu, akasukuma pedali ya kwanza. Alibadilisha gia kwa kuchelewa, na mbele yake barabara ilianza kushuka kuelekea hospitali.